Hodi Elfu Kumi kwa Sekunde Moja

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kompyuta nyingi zilizokuwa mbalimbali ziliwasiliana kwa simu ya kawaida ya waya. Mwenye kompyuta nyumbani au ofisini aliiagiza ipige namba ya kompyuta nyingine; ile ya pili ikajibu, na mashine hizo mbili zikaanza kuzungumza kwa milio. Chombo kilichogeuza herufi kuwa milio, na milio kuwa herufi, kiliitwa modemu. Kompyuta iliyopigiwa, ambayo ilikaa macho usiku na mchana ikiwangojea wapigaji, iliitwa seva.

Mafundi waliosimamia seva hizo walikabiliwa na swali moja kila siku: mashine moja yaweza kupokea wapigaji wangapi kwa wakati mmoja? Swali hilo lilihusu fedha na lilihusu watu. Penye seva yenye nafasi nne, mpigaji wa tano hakupata barua zake wala hakuweza kupeleka za kwake. Penye seva iliyozidiwa, hata wale wanne waliopata nafasi walipoteza herufi njiani na kulazimika kurudia, huku mita ya simu ikiendelea kuhesabu.

Asiyezizoea mashine hizi hudhani kwamba jibu hupatikana kwa kuitazama kasi ya prosesa, yaani ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu. Dhana hiyo hupotosha. Kompyuta iliyoweza kukokotoa mishahara ya kiwanda kizima bila taabu iliweza kulemewa na watu kumi waliokuwa wakipeleka barua tu. Ili kuelewa sababu yake, yafaa kuifuata herufi moja tangu inapotoka kwenye waya wa simu hadi inapoingia ndani ya mashine.

Mgeni mmoja kwa zamu

Seva ya kwanza ya namna hii iliyofunguliwa kwa umma ilianza kazi mjini Chicago, Marekani, tarehe 16 Februari 1978. Waliounda ni Ward Christensen na Randy Suess, nao waliiita CBBS. Ilikuwa ubao wa matangazo: mtu alipiga simu, akasoma yaliyoandikwa na wenzake, akaandika yake, akakata. Ilikuwa na laini moja ya simu, basi mgeni mmoja tu aliweza kuingia. Wengine walingoja atoke.

Kasi ya mazungumzo ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Katika njia hii kila herufi huchukua biti 10: moja ya kutangaza kuwa herufi inaanza, 8 za herufi yenyewe, na moja ya kumalizia. Kwa hiyo zilifika herufi 30 kwa sekunde, kasi ambayo msomaji hodari aliweza kuifuata kwa macho. Kati ya herufi moja na nyingine mashine ilipata milisekunde 33 za kufanya mambo mengine, na kwa kompyuta huo ni muda mrefu. Hapo hakuna aliyelalamika juu ya uwezo wa prosesa.

Tatizo lilikuja pamoja na modemu za kasi zaidi. Zilipofikia biti 9,600 kwa sekunde, herufi 960 zilikuwa zikigonga mlango kila sekunde, kwa kila laini.

Mlango wa herufi moja

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ambayo muundo wake uliigwa na viwanda vingi duniani, ilipokea herufi za simu kwa chipu iliyoitwa 8250. Kazi ya chipu hiyo ilikuwa kukusanya biti zinazofika moja moja, kuzipanga kuwa herufi kamili, kisha kuiarifu prosesa kwamba kuna herufi inayongoja kuchukuliwa. Arifa hiyo ina mfano wake kamili katika maisha ya kila siku, nayo ni hodi. Mwenye nyumba anapika. Mgeni anabisha hodi. Mwenye nyumba anaepua chungu, ananawa mikono, anafungua mlango, anapokea alicholetewa, anarudi jikoni, anainjika tena. Prosesa hufanya vivyo hivyo. Huacha kazi iliyo mkononi, huandika mahali ilipofika ili isisahau, huenda kuichukua herufi, huiweka kwenye kumbukumbu, kisha hurudi ilikotoka. Kuichukua herufi yenyewe ni jambo dogo sana. Muda mwingi huliwa na kuacha na kurudi.

Chipu ya 8250 ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu iliyokwisha kamilika. Wakati herufi hiyo inangoja, nyingine ilikuwa tayari inajengwa nyuma yake. Ikiwa prosesa haikuitikia hodi kabla ya ile ya pili kukamilika, ya pili iliifunika ya kwanza, na ya kwanza ikapotea. Kwa biti 9,600 muda uliopatikana ulikuwa milisekunde 1 na kidogo. Prosesa ya kompyuta hiyo ya IBM, iliyokuwa ikienda kwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde, ilipata mapigo kama 5,000 katika muda huo. Kwa laini moja yalitosha na kubaki.

Sasa chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme kuitikia hodi moja, pamoja na kuacha kazi na kuirudia, kunachukua mikrosekunde 100. Laini moja yenye herufi 960 kwa sekunde itachukua mikrosekunde 96,000, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya muda wote wa prosesa. Laini 10 zitaleta hodi 9,600, nazo zitakula sehemu 96 katika kila 100. Zilizobaki ni 4, na katika hizo ndimo seva itafute barua kwenye diski, iandike kumbukumbu, na kuwapelekea wapigaji majibu, ambayo nayo yana hodi zake. Ni dhahiri kwamba haitaweza.

Hata kabla ya kufika hapo kulikuwa na hatari nyingine. Zipo kazi ambazo prosesa haiwezi kuziacha katikati. Wakati wa kazi hizo hufunga mlango na kukataa hodi zote. Kusoma diski kulikuwa miongoni mwa kazi hizo katika programu nyingi za wakati ule. Mlango ukifungwa kwa milisekunde 2, kila laini inayopokea kwa kasi hiyo hupoteza herufi, hata kama laini ni mbili tu na prosesa haina shughuli nyingi.

Kupotea kwa herufi moja kulikuwa na gharama kubwa kuliko inavyoonekana. Katika barua ya kawaida jicho hurekebisha lenyewe. Lakini majalada yalipelekwa kwa utaratibu wa kukagua, kama ule wa XMODEM ambao Christensen huyo huyo aliutunga mwaka 1977: herufi hufungwa katika mafungu ya 128, na kila fungu hufuatwa na jumla ya kuhakikishia. Jumla isipolingana, fungu zima hurudiwa. Hivyo herufi moja iliyopotea iliongeza herufi nyingine 128 na zaidi kwenye laini, nazo zilikuja na hodi zao. Seva iliyokwisha kulemewa ikazidi kulemewa.

Kengele nane

Kikwazo cha pili hakikuhusu kasi hata kidogo. Katika kompyuta ile ya mwaka 1981, hodi zilipitia chipu nyingine yenye nyaya nane tu, kama nyumba yenye kengele nane. Uwaya mmoja ulichukuliwa na saa ya mashine, mwingine na kibodi, mwingine na diski, mwingine na mashine ya kuchapia. Modemu zilitengewa mbili. Muundo wa mwaka 1984 uliongeza chipu ya pili ya namna hiyo, lakini vifaa vipya navyo vilikuwa vikigombea nafasi zilizoongezeka. Fundi aliyetaka laini nane hakuwa na kengele nane za kuzigawia.

Mtu angeuliza kwa nini laini mbili zisitumie kengele moja. Jibu ni kwamba mashine hiyo ilisikia kubonyezwa kwa kengele tu. Haikutambua kama kidole bado kipo. Wageni wawili wakibonyeza karibu kwa pamoja, wa kwanza anaitikiwa, na wa pili anabaki mlangoni bila mtu kujua kwamba yupo. Watengenezaji wa kadi za laini nyingi walilitatua jambo hili kwa kuziunganisha chipu 4, 8 au 16 kwenye kengele moja na kuongeza kibao kidogo ambacho prosesa ilikisoma ili kujua ni nani waliobisha. Programu ilipaswa kurudia kukisoma hadi kibao kiwe kitupu. Ni ufumbuzi rahisi, na wa kusifiwa, maana haukuhitaji kubadili chochote ndani ya kompyuta.

Kapu badala ya kiganja

Nafuu kubwa ililetwa na chipu iliyoitwa 16550A, ya kampuni ya National Semiconductor. Toleo lililoitangulia, lisilo na herufi A, lilikuwa na kasoro iliyoizuia kutumika ipasavyo. Tofauti ya 16550A na 8250 ni ndogo kwa kuitaja: mahali pa nafasi ya herufi moja iliwekwa bafa, yaani kapu dogo, la herufi 16. Mtunga programu aliweza kuiagiza chipu isibishe hodi mpaka kapu liwe na herufi 1, 4, 8 au 14. Na ili herufi chache zisikae humo bila kuchukuliwa, chipu ilibisha yenyewe baada ya muda wa herufi nne kupita pasipo kuingia nyingine.

Rudi kwenye mfano ule. Kapu likichukuliwa linapofika herufi 14, laini ya herufi 960 hubisha hodi kama mara 69 kwa sekunde. Laini 10 hubisha mara 690 badala ya 9,600. Hata kama kila hodi sasa inachukua muda maradufu, kwa kuwa kuna herufi 14 za kubeba, jumla ni sehemu 14 tu katika 100 za muda wa prosesa. Prosesa ni ile ile na kasi ni ile ile. Badiliko lote limetoka kwenye kapu dogo lililogharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na bei ya kompyuta mpya.

Hata hivyo kapu la 14 lina hila yake. Nafasi zinazobaki ni mbili, kwa hiyo prosesa ikichelewa hata kidogo kapu hufurika. Mafundi waangalifu walichagua 8: hodi ziliongezeka kiasi, lakini ukapatikana muda wa herufi nane wa kuchelewa. Kila laini ya mpokeaji hutaka kupimwa hivi, baina ya hodi chache na usalama mwingi.

Kwa nini basi kutonunua prosesa ya kasi zaidi? Wengi walifanya hivyo, wakapata faida ndogo kuliko walivyotarajia. Prosesa haikusoma chipu ya simu moja kwa moja; ilipitia njia ya ndani ya kompyuta iliyowekewa kasi ya zamani, ili kadi za zamani ziendelee kufanya kazi. Kusoma herufi moja kwa njia hiyo kulichukua karibu mikrosekunde 1, na prosesa iliyo na kasi mara ishirini ilisubiri mikrosekunde hiyo hiyo. Gari la mashindano likiwa nyuma ya mkokoteni kwenye barabara nyembamba huenda mwendo wa mkokoteni.

Ndiyo maana seva za laini 16, 32 na zaidi ziliishia kutumia kadi zenye prosesa yake ndogo na kumbukumbu yake. Kadi iliitikia hodi zote yenyewe, ikapanga herufi katika mafungu, na kuiita prosesa kuu pale tu palipokuwa na mzigo wa kutosha. Ni sawa na kumweka karani langoni.

Pembeni ya hesabu hizo kulikuwa na taabu za kawaida ambazo vitabu huzitaja kwa uchache. Modemu 16 ziliandamana na transfoma ndogo 16, nyaya za simu 16 na kebo 16, na joto la vyote hivyo katika chumba kimoja. Radi iliyopiga waya wa simu iliweza kuunguza modemu na chipu iliyokuwa nyuma yake. Na modemu iliyoganda bila kukata simu ilizuia laini kwa saa nzima mpaka mtu aje kuizima na kuiwasha.

Mlio wa simu inayotumika

Tuseme sasa kompyuta imetengenezwa vizuri na inaweza kuhudumia laini 10 bila kupoteza herufi. Je, inaweza kuhudumia wateja wangapi? Hesabu hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Ilifanywa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, Denmark, aliyeitangaza mwaka 1917. Alipima mzigo wa simu kwa kuzidisha idadi ya simu zinazopigwa katika saa moja na muda ambao kila simu hudumu. Kipimo hicho leo huitwa kwa jina lake: erlang 1 ni sawa na laini moja inayotumika saa nzima bila kupumzika.

Wateja 80 ambao kila mmoja hupiga mara moja katika saa ya shughuli nyingi na kukaa dakika 3 huleta mzigo wa erlang 4. Kwa laini 10, kanuni ya Erlang inaonyesha kwamba wapigaji kama 5 tu katika 1,000 watakuta laini zote zimejaa. Wateja hao hao wakikaa dakika 9 badala ya 3, mzigo unakuwa erlang 12, na wapigaji kama 30 katika kila 100 watasikia mlio wa simu inayotumika. Hakuna aliyeongezeka, wala hakuna kifaa kilichoharibika.

Kampuni ya AOL ya Marekani ilijifunza jambo hilo hadharani. Tarehe 1 Desemba 1996 iliacha kuwatoza wateja kwa saa, ikaanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi, mteja akae atakavyo. Wateja wakakaa. Laini zikajaa, na kwa majuma kadhaa watu wengi walipiga mara nyingi bila kuingia. Mwezi Januari 1997 wanasheria wakuu wa majimbo mengi waliingilia kati, na kampuni ikakubali kuwarudishia fedha wateja waliokosa huduma.

Kanuni ya Erlang ina somo jingine kwa mwenye vifaa vichache. Laini 10 hubeba erlang 4.46 ikiwa inatakiwa asikose nafasi zaidi ya mpigaji mmoja katika 100. Makundi mawili ya laini 10 yaliyotengana, kila moja na namba yake, hubeba jumla ya erlang 8.92. Laini hizo 20 zikiunganishwa chini ya namba moja hubeba erlang 12. Kituo cha simu kikikubali kuzipanga hivyo, seva hupata theluthi moja ya uwezo zaidi bila kununua modemu hata moja.

Kupiga usiku

Afrika Mashariki ilikutana na vikwazo hivi ikiwa na laini chache na simu za nje zenye gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa kutumia programu za FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984. Ubora wa FidoNet ulikuwa katika kukwepa tatizo. Mtumiaji hakukaa kwenye simu akisoma. Aliandika barua zake kwenye kompyuta yake. Mashine ikazikusanya, ikazigandamiza, na kwa saa iliyopangwa, aghalabu usiku, ikapiga simu, ikabadilishana mafurushi na mwenzake, ikakata.

Hesabu yake inashangaza. Laini moja ya biti 9,600 ikitumika dakika 30 bila kusita hupitisha herufi 1,728,000. Barua ya kurasa moja na nusu ina kama herufi 3,000. Hivyo nusu saa hiyo huchukua barua zaidi ya 500, hata kabla ya kugandamizwa. Mtu mmoja anayesoma na kujibu akiwa kwenye laini angeweza kuimaliza nusu saa ile kwa barua tano. Kwa mahitaji ya wakati ule, kompyuta moja ya bei nafuu yenye modemu moja ilifanya kazi ambayo kwa njia ya kukaa kwenye laini ingehitaji modemu nyingi.

Lakini utaratibu huo haukufaa kwa kurasa za intaneti, ambazo msomaji huzitaka hapo hapo. Watoa huduma wa biashara walipoanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, walirudi kwenye laini nyingi na modemu nyingi, wakakuta kikwazo kimehamia upande wa pili wa seva. Wapigaji 30 wenye modemu za biti 28,800 waliweza kudai jumla ya biti 864,000 kwa sekunde, wakati njia ya setelaiti ya kwenda ng'ambo katika nchi nyingi za Afrika ilikuwa ya biti 64,000.

Vifaa vyenyewe pia vilibadilika. Kipimo cha V.90 cha mwaka 1998 kiliruhusu mpigaji kupokea hadi biti 56,000 kwa sekunde, ila kwa sharti kwamba seva iunganishwe na kituo cha simu kwa njia ya tarakimu. Njia moja ya namna hiyo, iitwayo E1, hubeba biti 2,048,000 kwa sekunde zilizogawanywa katika nafasi 32, na 30 kati ya hizo ni za simu. Waya mmoja ukachukua mahali pa laini 30, na chipu za hesabu ndani ya sanduku moja zikachukua mahali pa modemu 30. Pale ambapo kituo cha simu hakikuwa na njia ya tarakimu ya kutoa, modemu nzuri kuliko zote ilibaki kwenye biti 33,600.

AOL ilifunga huduma yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. Hodi zenyewe hazijaisha. Kadi ya mtandao ya biti bilioni 10 kwa sekunde inaweza kupokea vifurushi vidogo zaidi ya milioni 14 kwa sekunde, na hakuna prosesa inayoweza kuacha kazi na kurudi mara milioni 14. Programu ya Linux, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, huitikia hodi ya kwanza, kisha huizima kengele na kwenda yenyewe mlangoni mara kwa mara hadi vifurushi viishe, ndipo huiwasha tena.

Shule yenye kibao cha Arduino Uno inaweza kulijaribu jambo hili darasani. Chipu yake ya ATmega328P ina nafasi ya herufi mbili zilizokamilika na ya tatu inayoendelea kujengwa. Ipelekewe herufi mfululizo kwa biti 115,200 kwa sekunde, na programu ifunge hodi kwa milisekunde 1 kisha izifungue. Katika muda huo herufi kama 11 zitafika, na wanafunzi wakihesabu zilizookoka watakuta hazizidi 3.